Swali Lisilohitaji Jibu

Mwalimu Saadi alikuwa na mdomo. Si kwamba wengine hawakuwa nao, la, ila wa kwake ulikuwa umesomea. Alifundisha Kiswahili kidato cha tatu katika shule moja ya binafsi pale Levolosi, mjini Arusha, na ukipita nje ya dirisha la darasa lake ungedhani kuna mkutano wa injili au mnada wa mitumba. Mara anapaza sauti, mara ananong'ona, mara anapiga meza mpaka vumbi linaruka. Wanafunzi walimwita Balagha. Alijua, na jina lile lilimpendeza kuliko angeitwa Profesa.

Somo lake kipenzi lilikuwa hotuba. Mada nyingine alizipitia kama mtu anayekula ugali mkavu, lakini zikifika hotuba za kushawishi, hata shati alibadilisha. Aliwafundisha takriri, yaani kulirudia neno mpaka limwingie msikilizaji hata kama hataki. Aliwafundisha chuku, kukikuza kisima kiwe ziwa. Aliwafundisha tafsida, kumpa mtu neno chungu kwa ulimi wa asali: hufukuzwi, bwana, unapisha maendeleo. Halafu alikuwa anasimama katikati ya darasa, ananyamaza kidogo, ndipo anaileta ile mbinu aliyoipenda kama kifungua mimba wake.

"Swali la balagha ni swali lisilohitaji jibu," alikuwa anasema. "Unauliza, watu wananyamaza, na wakishanyamaza umewashinda."

Siku moja akatoa mfano: nani asiyempenda mama yake? Darasa likanyamaza kama lilivyotakiwa, isipokuwa Silantoi. Huyu alikuwa binti wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi wa Mlima Meru, ambaye siku za shule alikaa kwa shangazi yake Sombetini. Akanyoosha mkono, akasimama, akaeleza kwa adabu zote kwamba yupo kijana mmoja jirani yao ambaye mama yake alimuuzia mbuzi wake bila kumwambia, na tangu siku hiyo hampendi hata kidogo, kijiji kizima kinajua.

Darasa likaangua kicheko. Saadi hakucheka. Alimuuliza kama amesikia neno lisilohitaji au masikio ameyaacha Sombetini. Silantoi akasema amesikia, ila kwao swali likiulizwa mbele za watu ni lazima lijibiwe. Kuliacha hivi hivi ni kumdharau aliyeuliza, ni kama kumkaribisha mgeni usimpe kiti. Mwalimu akamjibu kwamba kama ndivyo ilivyo huko kwao, basi huko kwao wanahitaji shule haraka sana. Kwenye mtihani alimpa sifuri katika kipengele hicho, na kuanzia hapo akambandika jina la Mama Majibu. Binti akameza. Mwalimu ni mwalimu, utamfanya nini?

Sasa, kwenye siku ya wazazi, Saadi alisimama akatoa hotuba ya kuwakaribisha, na alivyokuwa fundi, kina mama wawili watatu wakatoa leso. Kati ya waliosikiliza alikuwamo Melkizedeki, mwenye magari ya kupeleka watalii mbugani, mtu ambaye mji mzima humwita Bosi, hata wale asiowalipa mshahara. Bosi akamvuta Saadi pembeni. Alikuwa anataka kujenga kambi ya kitalii, wageni waamke wauone Mlima Meru bila kutoka kitandani. Eneo alishalichagua, ni malisho ya kijiji kimoja upande wa magharibi wa mlima, na kilichobaki ni mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Tatizo ni kwamba yeye Bosi akisimama kuhutubia anatoka jasho, na jasho likizidi anatukana. Alihitaji mdomo wa kuazima.

Ahadi yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kijiji kikikubali, Saadi anaachana na chaki, anakuwa msemaji wa kampuni, mwenye kadi yenye jina lake na ofisi yenye kiyoyozi. Kiyoyozi, Arusha hii ambayo baridi yake inamtosha kila mtu bure! Lakini Saadi alipolisikia neno hilo moyo ulimdunda. Kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha watoto wa watu jinsi maneno yanavyohamisha milima, na yeye mwenyewe hayajawahi kumhamisha hata kutoka nyumba ya kupanga.

Mkewe Mwanamkuu, muuza vitenge asiye na muda wa mapambo, alipoambiwa habari hiyo aliuliza mambo mawili tu. La kwanza, hao ng'ombe wa watu watakula wapi? La pili, ameambiwa amepata kazi au ameambiwa atapata? Saadi akaona mwanamke anamtia mikosi. Akasimama katikati ya sebule kana kwamba yuko jukwaani, akamuuliza ni nani amewahi kumshinda Saadi kwa maneno. Mwanamkuu alikuwa na jina tayari mdomoni, lakini akaona yaishe, akaenda kuepua sufuria.

Mwenye busara angenyamaza mpaka kieleweke. Saadi akashona suti ya kijivu. Akaivaa shuleni siku ya kawaida, na mfuko wake wa kuwekea kadi ambazo bado hazijachapishwa. Saa ya chai akasimama katika chumba cha walimu, akawatazama wenzake waliokuwa wakila viazi vyao, akawahurumia waziwazi.

"Jamani," alisema, "kuna mtu hapa ananiona mimi Saadi nikizeekea kwenye vumbi la chaki?"

Kimya. Mwalimu Aminiel wa Hisabati, mtu ambaye maneno yake kwa muhula mzima yangeingia kwenye kiganja, aliinua macho kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha, akamwangalia, akayainamisha tena. Saadi akauhesabu ukimya ule kuwa makofi.

Na kwa kuwa kichwa kilishavimba, akaona haitoshi kushinda, ni lazima aonekane akishinda. Akamwomba mkuu wa shule basi la shule kwa Jumamosi, awapeleke kidato cha tatu wakasome hotuba kwa vitendo. Kila mwanafunzi angekuja na daftari, na mbele ya kila mbinu angeandika athari yake kwa hadhira. Alipokitaja kijiji, Silantoi alibaki darasani wenzake wakitoka.

"Shikamoo mwalimu. Kule ni nyumbani," alisema. "Kama hotuba ina maswali, watajibu."

Saadi alicheka mpaka akashika meza. Alimwambia kwamba hata simba ana masikio, sembuse wanakijiji, na hakuna kiumbe asiyenyamaza mbele ya swali lililopangwa vizuri. Silantoi akajaribu kusema jambo kuhusu yale malisho, lakini mwalimu alishachukua mkoba wake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi ikafika. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, watu wamejaa, wazee na fimbo zao, kina mama na mashuka yao, vijana wameegemea pikipiki. Wanafunzi waliketi kwenye nyasi, kalamu mkononi. Bosi Melkizedeki alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwa na miwani myeusi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Loishiye, mzee wa kanisa la Kilutheri na mtu wa utaratibu mpaka anakera. Kwake hata kukohoa kulihitaji kuomba nafasi. Alifungua kwa sala, akasoma ajenda, akamkumbusha katibu kwamba kila litakalosemwa liandikwe, kisha akampa mgeni nafasi.

Saadi akasimama na suti yake. Lazima tuseme ukweli, alianza vizuri. Aliusifu mlima, akalisifu kanisa, akawasifu ng'ombe mmoja mmoja kana kwamba amenyonya nao. Kwa chuku aliijenga ile kambi ikawa kubwa kuliko uwanja wa ndege. Kwa tafsida alisema malisho hayatachukuliwa, yatapumzishwa. Wanafunzi waliandika mpaka kalamu zikapata moto, na Bosi akavua miwani. Ndipo Saadi akanyamaza kidogo, kama alivyozoea, akashusha sauti, akauliza ni nani kati yao asiyejua thamani ya ardhi.

Ulikuwa ukimya mtamu. Aliutumia kuvuta pumzi, akafungua mdomo aendelee, na hapo akamwona mtu amesimama.

"Mimi," alisema yule mtu. "Sijui thamani yake, mwenyekiti. Ya kwetu hatujawahi kuiuza."

Akakaa. Mwenyekiti akamshukuru, akamwambia katibu aandike, akamwashiria mgeni aendelee. Saadi akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa na mkubwa wake. Alijisemea kwamba kila hadhira ina mjinga mmoja. Akajikusanya, akalitoa la pili kwa sauti ya juu zaidi: mpaka lini mtaishi kwa kufuata mkia wa ng'ombe?

Safari hii alisimama mwanamke. Alikuwa Nalepo, bibi yake Silantoi, shuka lake begani na shanga shingoni. Hakuwa na haraka. Alifikiri kwanza, maana swali lilikuwa la muda, na swali la muda linataka hesabu.

"Mpaka ng'ombe aote mkia mbele," alisema. "Kwa sasa uko nyuma, mwanangu, ndiyo maana tunaufuata."

Uwanja ulicheka, hata katibu akaacha kuandika. Hakukuwa na dhihaka katika uso wa Nalepo. Aliulizwa, akajibu, akakaa, na alitazamia mgeni ashukuru. Saadi alishukuru. Jasho lilishaanza kumtoka nyuma ya masikio. Mtu mwingine hapo angeachana na maswali, angeenda moja kwa moja kwenye hoja, lakini hotuba yake ilikuwa imefumwa kwa maswali matupu. Ukiyatoa yanabaki salamu na asanteni. Akasonga mbele. Ni nani asiyetaka mwanawe apate kazi? Baba mmoja akasimama akasema wa kwake anayo, anachunga, na malisho yakipumzishwa ndipo atakapoikosa. Je, nyasi zinalipa ada? Nalepo akasimama tena.

Alisema ndiyo, zinalipa. Akanyoosha mkono kule walikoketi wanafunzi, akamwonyesha mjukuu wake, na kusema kwamba ada ya binti yule mwaka huu ni dume moja lililonona kwenye yale malisho, na ya mwaka jana ni dada yake yule dume. Kisha akamuuliza mwalimu kama si yeye anayemfundisha. Wanafunzi wote waligeuka kumtazama Silantoi, na Silantoi akaendelea kuandika akiwa ameinamisha kichwa. Saadi hakuwa na pa kuyaweka macho. Sifuri aliyompa yule binti ilikuwa imelipiwa ng'ombe.

"Mwenyekiti," alisema Saadi, "naomba niwaeleweshe. Haya ni maswali ya balagha. Hayahitaji majibu."

Loishiye akaomba radhi, neno hilo hakulijua. Akauliza kama kuna anayelijua, na Nalepo akamwita mjukuu wake aje awatafsirie wazee, maana mwalimu wake yuko hapo, akikosea atamsahihisha. Silantoi akasimama. Alimwangalia mwalimu wake, si kwa jeuri, ni kama anaomba ruhusa, kisha akasema maneno machache kwa Kimaasai cha kwao. Wazee wakaguna wote kwa pamoja. Mwenyekiti, mtu wa utaratibu, akataka lisemwe na kwa Kiswahili ili liingie kwenye muhtasari.

"Ni swali ambalo anayeuliza ameshajijibu," alisema Silantoi. "Anauliza ili nyinyi mnyamaze."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wazee walimtazama Saadi kama wanavyomtazama mtu aliyekutwa zizini asubuhi akisema amepotea njia. Bosi Melkizedeki alijikohoza kikohozi cha mwenye mali, na Saadi akaelewa kwamba kazi, kadi na kiyoyozi vinamtoka mkononi mbele ya darasa lake mwenyewe. Alitakiwa aseme lolote lile, ila asiulize. Lakini mazoea yana taabu, na mdomo huponza kichwa. Akamshika Bosi bega, akamsimamisha, akakusanya sauti yote iliyobaki kifuani.

"Ndugu zangu, mtazameni mzee huyu! Hivi anaonekana kama mtu wa kuwadanganya?"

Loishiye akainua mkono kutuliza minong'ono. Alisema swali ni zuri, tena ni zito, na mkutano hauwezi kulijibu kwa kukurupuka. Akaliweka kwenye ajenda. Bosi akataka kukaa, akaombwa abaki amesimama kidogo ili wachangiaji wamwone vizuri, kwa kuwa swali lilihusu kuonekana.

Walilijadili lile swali kama wanavyojadili mahari. Mmoja alisimama kumtetea, akasema viatu vyake ni vya mtu mwema. Mwingine akakumbusha kwamba alikwishafika hapo zamani, alipochimba moramu yao ya kutengenezea uwanja wa magari yake, akaahidi pampu ya maji. Mwanamke mmoja akasema msimsingizie, pampu aliileta. Ililetwa kwenye gari, ikapigwa picha, watu wakaimba, ikarudi mjini na gari lilelile. Kijana wa pikipiki akasema picha anayo mpaka leo, na yeye mwenyewe yumo, anacheka kama zuzu. Jua lilihama, watu wakahamisha na viti. Bosi alikuwa amesimama, jasho linamtoka, na kwa kuwa jasho lilishazidi, midomo ilianza kumcheza. Saadi alimnong'oneza avumilie.

Hatimaye Loishiye akafunga mjadala, watu wakanyoosha mikono, katibu akaandika, na mwenyekiti akamgeukia mgeni kwa heshima zote.

"Mwalimu, uliuliza kama anaonekana mtu wa kutudanganya. Kama anadanganya kweli, hilo hukuuliza, na sisi hatujibu tusichoulizwa. Lakini kuonekana, anaonekana."

Suala la malisho lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko sala ya kufungia. Walikataa. Kisha wakawakaribisha wageni wote chakula, maana mtu akishauliza na kujibiwa huwa hana ugomvi.

Bosi hakula. Alienda mpaka kwenye gari lake, Saadi nyuma yake akikimbia na suti. Akiwa ameshika mlango, Bosi akamgeukia, akamuuliza hivi yeye ni mwalimu wa nini. Saadi akalipima lile swali haraka haraka kitaalamu. Lilikuwa na ukali wa balagha na harufu yote ya balagha. Akanyamaza, kama anavyofundisha. Bosi akasubiri, akasubiri tena, kumbe alitaka jibu. Akabamiza mlango, na gari likaondoka likimwachia vumbi jekundu kwenye suti ya kijivu.

Akarudi uwanjani. Nalepo alikuwa amemwekea bakuli la loshoro, mahindi na mtindi mzito, akamwambia ale, kusema sana kunamaliza mwili. Akala amekaa na wanafunzi wake. Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuuma.

Jumapili nyumbani Mwanamkuu hakumuuliza kitu. Aliifua suti, akaianika, akaendelea na vitenge vyake. Saadi akakaa kusahihisha madaftari ya Jumamosi. La Silantoi aliliacha mwisho, akalifungua, akasoma kwa mwandiko wake uliosimama wima: Mbinu, swali la balagha. Athari kwa hadhira, hadhira ilijibu. Alitafuta kosa juu na chini, kalamu nyekundu mkononi. Hata tahajia ilikuwa sawa. Akampa alama zote, kisha akaenda kwenye karatasi yake ya mtihani akaifuta na ile sifuri.

Jumatatu alivaa shati lake la zamani. Alichelewa kwa makusudi ili asikutane na watu, lakini alikuta chumba cha walimu kimejaa, viazi viko mezani, na jinsi walivyoacha kuongea kwa mpigo alijua habari zimeshafika na zimeshakuwa tamu. Akasalimia. Wakaitikia. Akaelekea kwenye meza yake kama mtu anayevuka mto usiku, na alipokaribia kukaa, akamwona Mwalimu Aminiel wa Hisabati ameweka kalamu chini na kunyoosha mkono juu, umenyooka kabisa, kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Saadi akamuuliza kuna nini.

"Wiki ile uliuliza kama kuna mtu anayekuona ukizeekea kwenye chaki," alisema Aminiel. "Nilikuwa bado nafikiri. Mimi."

Akaushusha mkono, akaendelea kusahihisha. Kengele ikalia. Saadi akachukua boksi la chaki, akaenda darasani.